Shamba la Mboga Lililogeuka Uwanja wa Ndege: Habari ya Heathrow

Wasomaji wetu wa vikundi vya kujisaidia wanaolima mishiri, na wale wenye jamaa katika mashamba ya maua kule Naivasha, wanajua kwamba mavuno yao hayamalizii safari Nairobi. Yanapandishwa ndege usiku na kesho yake yako Ulaya. Sehemu ya mizigo hiyo hushukia katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, pamoja na abiria waliotoka Jomo Kenyatta. Jambo wasilolijua wengi ni hili: pale ndege zinapotua palikuwa shamba la mboga. Palikuwa na udongo wa kusifiwa, na watu walioulima vizazi kwa vizazi, mpaka mwaka 1944 walipoletewa barua kwamba serikali ya Uingereza inapahitaji kwa ajili ya vita.

Na vita vyenyewe vilikwisha kabla uwanja huo haujatumika. Ndiyo maana tumeona habari hii inafaa kuelezwa kwa kirefu hapa, kwa sababu hapa Kenya hakuna kaunti ambayo haijasikia habari ya ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya barabara, reli, bwawa au uwanja.

KIJIJI CHA HEATH ROW

Heath Row kilikuwa kijiji kidogo tu upande wa magharibi wa London, kama kilomita 22 kutoka katikati ya mji, katika parokia ya Harmondsworth. Nyumba zake zilikuwa zimepangana kando ya njia moja, na hapo ndipo jina lilipotoka: mstari wa nyumba kwenye mbuga. Palikuwa na mashamba, bustani za matunda, na klabu ya pombe iliyoitwa Plough and Harrow, yaani Plau na Haro. Jina hilo peke yake linatosha kukuambia wateja wake walikuwa watu wa namna gani.

Ardhi yenyewe ni tambarare kama meza. Mwaka 1784 mpima ardhi mmoja, Jenerali William Roy, alichagua mahali hapo kuwa mwanzo wa mstari wake wa kupimia nchi. Aliunyoosha mstari huo zaidi ya kilomita 8, kutoka Heath Row hadi Hampton, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa ramani rasmi za Uingereza. Baadaye mizinga ya zamani ilifukiwa ardhini kila upande, mdomo ukiangalia juu, ili alama isipotee. Sisi tumezoea bikoni za saruji. Wao walitumia mizinga.

Juu ya changarawe palikuwa na tabaka la udongo laini, wenye rutuba, usiotuamisha maji. Basi wakulima wa hapo waliishi kwa kulisha London. Walilima kabichi, viazi, mboga za majani, stroberi na matofaa. Mikokoteni ya farasi iliondoka usiku ili ifike soko la Covent Garden kabla ya mapambazuko, na iliporudi haikurudi mitupu. Ilirudi na samadi kutoka mazizi ya farasi ya mjini, ikamwagwa shambani. Hivyo mji ulikula mboga na shamba likala samadi ya mji. Kikundi chochote chenye zizi na kitalu kitaelewa mara moja kwa nini udongo ule ulizidi kuwa mzuri badala ya kuchoka. Hata mashindano ya kulima kwa plau ya wakulima wa jimbo la Middlesex yalikuwa yakifanyika hapo, na ya mwisho yalikuwa mwaka 1937.

MTENGENEZAJI WA NDEGE AJA JIRANI

Sifa ya kuwa tambarare inavutia watu wawili: mwenye plau na mwenye ndege. Richard Fairey alikuwa na kampuni ya kutengeneza ndege huko Hayes, karibu na hapo, na alikuwa akizijaribia katika uwanja wa jeshi wa Northolt. Alipoambiwa aondoke huko, ilibidi atafute mahali pengine. Rubani wake, Norman Macmillan, aliwahi kulazimika kutua ghafula katika mashamba ya Heath Row, naye akakumbuka jinsi palivyokuwa sawasawa. Mwaka 1929 Fairey akanunua kama eka 150, na mwaka uliofuata ndege zikaanza kuruka.

Huo ulikuwa uwanja wa nyasi, hauna lami wala saruji. Ulikuwa na jengo moja kubwa la kuwekea ndege. Fairey alinunua kwa wenye ardhi kwa mapatano, akalipa, akawa jirani. Wakulima waliendelea kulima hadi kwenye ua wake. Mambo yangebaki hivyo, pengine Heath Row ingekuwako hadi leo.

BARUA YA MEI 1944

Vita Vikuu vya Pili vilianza mwaka 1939. Mara bunge la Uingereza likatunga sheria za dharura ambazo ziliiwezesha serikali kuchukua nyumba, shamba, kiwanda au meli ya mtu bila kuulizana sana. Kwa kweli palikuwa na sababu. Nchi ilikuwa ikipigwa mabomu, na ukingoja kesi iishe mahakamani adui atakuwa amekwisha fika. Viwanja vingi vya ndege vilijengwa kwa sheria hizo, na vingi vilifanya kazi ya vita kwelikweli.

Novemba 1943 baraza la mawaziri la wakati wa vita, likiongozwa na Winston Churchill, lilikubali kwamba uwanja mkubwa ujengwe Heath Row. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kijeshi: ndege kubwa za masafa marefu zingehitajika kupeleka askari na vifaa Mashariki ya Mbali kupigana na Mjapani. Wazee wetu wa Keya waliokwenda Burma wangeielewa sababu hiyo bila kuelezwa mara mbili. Vita vile ndivyo walivyopigana wao. Wizara ya Kilimo ililalamika kwamba shamba zuri namna hii lisipotezwe wakati watu wanakula kwa mgao. Haikusikizwa.

Fairey alipewa notisi mwanzoni mwa mwaka 1944. Wakulima na wenye nyumba walipewa zao mwezi wa Mei. Fikiria ni wakati gani. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi yalivuka bahari kuingia Ufaransa, na katika wiki hizo hizo jambo lolote likiambiwa ni la vita, nani angesimama kulipinga? Mtu angeonekana msaliti. Hakukuwa na baraza la hadhara, hakukuwa na kikao cha kusikiliza wenye shamba, hakukuwa na mahali pa kuuliza, "Kwa nini hapa na si kule?" Mazao yalikuwa bado shambani. Tingatinga zikaingia, na mwaka huo haukuisha kabla nyumba za Heath Row hazijabomolewa, pamoja na ile klabu ya Plau na Haro.

Mtu mmoja aliyepewa nafasi ya kufanya kazi yake kwanza alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, W. F. Grimes. Alichimba haraka haraka mahali palipopaswa kupita barabara ya kurukia ndege, na akakuta mabaki ya kijiji cha kabla ya Warumi, pamoja na msingi wa nyumba ya ibada. Yaani watu walikuwa wakiishi pale zaidi ya miaka 2,000. Alipomaliza kupima na kuchora, saruji ikamwagwa juu yake.

SIRI ILIYOTOKA BAADA YA MIAKA 29

Ujerumani ilishindwa Mei 1945 na Japani ikasalimu amri Agosti mwaka huo huo. Uwanja ulikuwa bado unajengwa. Hakuna kikosi cha askari kilichopandia ndege hapo kwenda kupigana na Mjapani. Tarehe 1 Januari 1946 Wizara ya Wanahewa ikaukabidhi kwa wizara ya ndege za raia, na siku hiyo hiyo ndege ya abiria ikaruka kwenda Buenos Aires, Argentina, rubani akiwa Don Bennett. Ilikuwa ndege ya aina ya Lancastrian, ambayo ni ile ndege ya mabomu ya Lancaster iliyogeuzwa ikatiwa viti. Hata ndege ilikuwa imevua sare tu.

Watu wa Harmondsworth hawakuwa wajinga. Minong'ono ilikuwako kwamba tangu mwanzo kazi ile ilikuwa ya uwanja wa raia. Lakini mnong'ono si ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 1973, na uliletwa na mhusika mwenyewe. Harold Balfour, ambaye wakati wa vita alikuwa naibu waziri katika Wizara ya Wanahewa, aliandika kitabu cha maisha yake kiitwacho Wings over Westminster. Humo alieleza waziwazi kwamba hitaji la jeshi lilikuwa kisingizio. Alichotaka ni London ipate uwanja mkubwa wa ndege za abiria mara tu vita vikiisha, na alijua kwamba kwa sheria za kawaida ingebidi uchunguzi wa hadhara ufanyike, wenye ardhi wajitetee, na miaka ipite. Sheria ya vita ilikuwa njia ya mkato. Alikubali kwamba hata mawaziri wenzake aliwazunguka.

Mtu akiandika habari zake miaka 29 baadaye hukosi kumkuta amejipamba kidogo, na Balfour pengine alipenda kuonekana mjanja kuliko alivyokuwa. Hata hivyo hakuwa na faida yoyote ya kujisingizia udanganyifu. Na matokeo yanakubaliana naye: uwanja ulichukuliwa kwa jina la vita, ukazaliwa wa raia.

Tuseme haki pia. London ilihitaji uwanja. Ule wa zamani wa Croydon ulikuwa mdogo, umezungukwa na nyumba, hauwezi kupokea ndege nzito za baada ya vita. Inawezekana kabisa kwamba uchunguzi wa hadhara ungefanyika, wataalamu wangesema, na mwishowe ni Heath Row hiyo hiyo ingechaguliwa. Lakini wakulima wangekuwa wamesikia sababu ya kweli, wangekuwa wameijibu, na fidia yao ingehesabiwa wakiwa wameketi mezani. Hata kampuni ya Fairey, ambayo ilikuwa tajiri, yenye mawakili na jina kubwa serikalini, ilivutana na serikali juu ya fidia ya uwanja wake mpaka shauri likamalizika mwaka 1964. Miaka 20! Sasa pima mkulima wa kabichi wa eka chache angefika wapi.

UWANJA WA MAHEMA

Uwanja ulipofunguliwa kwa safari za kawaida mwaka 1946, abiria hawakukuta jengo. Walikuta mahema makubwa ya jeshi, yamepangwa mstari kando ya barabara kuu ya Bath. Ndani palikuwa na viti vya starehe, maua mezani, simu, na duka dogo la magazeti. Lakini hakukuwa na joto. Wakati wa baridi abiria waliketi na makoti yao. Wakati wa jua kuta za hema zilikunjwa juu ili upepo upite. Vyoo vilikuwa vya ndoo yenye dawa. Kutoka hemani hadi kwenye ndege mtu alitembea juu ya mbao zilizolazwa kwenye matope, na watu hao walikuwa wamelipa nauli ambayo mfanyakazi wa kawaida asingeipata kwa miezi mingi.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu vikundi vyetu vingi vinadhani mradi hauwezi kuanza kabla jengo halijakamilika na bango halijapakwa rangi. Uwanja wa hema ulipitisha abiria kama 63,000 katika mwaka wake wa kwanza. Kufika mwaka 1951 walikuwa 796,000. Majengo yalifuata nyuma ya kazi.

Mpango wa jeshi uliacha alama zake. Wanajeshi hujenga barabara tatu za kurukia zinazokatana kama pembetatu, ili ndege ipate njia upepo ukitoka upande wowote. Wajenzi wa raia walirithi pembetatu hiyo, wakaongeza nyingine juu yake, ikawa mfano wa nyota. Basi nafasi ya majengo ya abiria ikabaki katikati ya nyota, imezungukwa na ndege pande zote. Ili kufika hapo ilibidi handaki lichimbwe chini ya barabara ya kurukia, na mpaka leo magari yanapita humo. Jengo la kwanza la kudumu katikati hapo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1955. Kadiri ndege zilivyokuwa kubwa na nzito, upepo wa ubavuni haukuzisumbua kama zamani, na zile njia za nyota ziliachwa moja baada ya nyingine. Leo zimebaki mbili tu, ndefu, zinazolingana, moja kaskazini na moja kusini. Jengo la Fairey la kuwekea ndege liliishi miaka kadhaa katikati ya hayo yote, likiwa kituo cha zimamoto.

Kwa miaka 20 ya mwanzo uwanja uliitwa London tu. Jina Heathrow lilirudishwa rasmi mwaka 1966. Kijiji hakikurudi, lakini jina lake sasa linatajwa na watu wa dunia nzima ambao hawajui kwamba ni la kijiji.

SAFARI YA KUJA KENYA

Tarehe 31 Januari 1952 Elizabeth, akiwa bado binti mfalme, alipanda ndege katika uwanja huo kuja Kenya. Baba yake, Mfalme George wa Sita, alisimama pale uwanjani akimpungia mkono. Hawakuonana tena. Mfalme alifariki tarehe 6 Februari, wakati binti yake alikuwa Treetops na Sagana, upande wa Nyeri. Akaondoka na ndege ndogo kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akapanda kubwa, na tarehe 7 alishuka tena London akiwa malkia. Waliomngoja chini ya ngazi walikuwa pamoja na Churchill, aliyekuwa amerudi kuwa waziri mkuu.

Alipofika Nairobi alitua Eastleigh. Uwanja huo ulikuwa wa jeshi la wanahewa la Uingereza, na ndege za abiria zilikuwa zikiutumia kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuzitosha. Eastleigh ulienda kinyume na Heathrow: baada ya raia kuhama ulibaki mikononi mwa askari, na leo ni kambi ya Jeshi la Wanahewa la Kenya. Mombasa ndiyo iliyofuata njia ya Heathrow. Uwanja wa Port Reitz ulijengwa wakati wa vita na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na sasa ndio uwanja wa kimataifa wa Moi.

Na Embakasi je, ambao sasa ni Jomo Kenyatta? Huo haukujengwa kwa ajili ya jeshi, ulikusudiwa raia tangu mwanzo. Lakini nao ulijengwa kwa nguvu za sheria ya dharura. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilitumia wafungwa na watu waliozuiliwa kizuizini kuchimba, kubeba mawe na kusawazisha uwanda ule, na ulifunguliwa mwaka 1958. Huko Heath Row dharura ilichukua shamba la mtu. Hapa kwetu ilichukua mpaka mikono yake. Wazee waliofanya kazi hiyo hawakulipwa kama wajenzi wanavyolipwa, na kuna familia ambazo bado zinaikumbuka Embakasi kama jina la gereza kabla ya kuwa jina la uwanja.

BARAZA LA KARIBU MIAKA MINNE

Miaka 50 baada ya barua za Mei 1944, wenye uwanja wa Heathrow walitaka kujenga jengo la tano la abiria, upande wa magharibi, palipokuwa na mabwawa ya kusafishia maji machafu ya mji huko Perry Oaks. Safari hii hakukuwa na vita. Uchunguzi wa hadhara ulianza mwaka 1995 na ukaisha mwaka 1999. Ulikaa siku 525 za kusikiliza mashahidi, na ulikuwa mrefu kuliko uchunguzi wowote wa namna hiyo uliowahi kufanyika Uingereza. Walisikilizwa wahandisi, mabaraza ya miji, makampuni ya ndege, na wananchi wa kawaida waliotaka kusema juu ya kelele za usiku. Serikali ilitoa kibali mwaka 2001, kikiwa na masharti, na jengo likafunguliwa Machi 2008.

Wapo waliosema muda huo ulikuwa wazimu. Sisi hatuoni hivyo, ingawa miaka minne ni mingi kwa mradi wowote. Wazungu wa Wizara ya Wanahewa walikwepa uchunguzi mmoja mwaka 1944, na tangu hapo kila jambo linalohusu uwanja ule linapokelewa kwa wasiwasi na majirani zake.

Barabara ya tatu ya kurukia ni mfano mwingine. Imezungumzwa miaka na miaka. Mwaka 2010 serikali iliyoingia madarakani iliitupilia mbali. Juni 2018 bunge liliipitisha kwa kura nyingi. Februari 2020 mahakama ya rufani ilisema mpango huo ulipitishwa kinyume cha sheria kwa kuwa ahadi za nchi juu ya hali ya hewa hazikuzingatiwa, na Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba inaunga mkono ujenzi. Wakati wote huo watu wa Harmondsworth, Longford na Sipson, vijiji jirani vya kile kilichobomolewa, wamekuwa wakijiuliza kama wapake nyumba rangi au wangoje tingatinga. Harmondsworth ndipo palipo na ghala kubwa la mbao la kuwekea nafaka lililojengwa mwaka 1426, na bado limesimama. Uwanja nao ulipitisha abiria zaidi ya milioni 83 katika mwaka 2024. Mtu anayesema unahitaji nafasi zaidi hasemi uongo, na mtu anayesema babu yake alikwisha toa ya kutosha hasemi uongo pia.

SHERIA YETU INASEMAJE

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inasema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake ila kwa shughuli ya umma au manufaa ya umma, na ni lazima fidia ya haki ilipwe yote tena bila kuchelewa. Mwenye mali ana haki ya kwenda mahakamani. Kifungu hicho kinaruhusu pia wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema wafidiwe hata kama hawana hati. Namna ya kufanya imeelezwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na anayesimamia ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Baadhi ya vipengele vilibadilishwa mwaka 2019, kwa hiyo kikundi kiulize katika ofisi ya ardhi ya kaunti kabla ya kutegemea karatasi ya zamani.

Kwanza Tume hutangaza katika Gazeti Rasmi la serikali kwamba inakusudia kuchukua ardhi, na kuwapa taarifa wenye maslahi. Neno hilo "wenye maslahi" si la mwenye jina kwenye hati peke yake. Sheria inamtaja pia mke au mume wake, na mtu anayeishi kwenye ardhi hiyo pamoja na mwenzi wake. Akina mama wa vikundi waliambizane jambo hili, maana mara nyingi baba huenda peke yake ofisini na kurudi na habari nusu.

Zikipita siku 30 au zaidi tangu tangazo hilo, Tume hupanga siku ya kikao cha uchunguzi, na tangazo la kikao chenyewe ni lazima litoke angalau siku 15 kabla. Hicho ndicho kikao ambacho watu wa Heath Row hawakukipata. Hapo ndipo pa kuuliza ardhi inachukuliwa kwa kazi gani hasa, na majibu yaandikwe. Sababu iliyoandikwa ina uzito baadaye, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inasema ardhi iliyochukuliwa ikikosa kutumika kwa kazi iliyokusudiwa, Tume inaweza kuwapa wenyewe wa kwanza nafasi ya mbele ya kuichukua tena, wakirudisha fidia waliyolipwa.

Kikundi chenye mradi kwenye ardhi ya namna hiyo kiende na orodha: kisima na kina chake, miti ya matunda na umri wake, kitalu, zizi, ukuta wa mawe, bomba, na risiti za vifaa kama zipo. Picha zipigwe mapema. Kumbukumbu za mikutano zinazoonyesha mradi ulianza lini nazo zibebwe. Dai la fidia liwe la maandishi, litiwe sahihi, nakala moja ibaki kwa katibu, na nyingine imfikie ofisa wa Tume kabla siku ya kikao haijapita.